Mfanyakazi wa Kikundi Akiugua, Nani Atalipa?



Ndugu na dada wa vikundi, safari hii tumeamua kuzungumza juu ya jambo ambalo katika mikutano yetu mingi huachwa mpaka mwisho kabisa, kwenye yale "mengineyo", wakati watu wameshaanza kutafuta mikoba na kofia zao. Ni jambo la matibabu ya wale tuliowaajiri.

Vikundi vingi vya Nyeri, Kirinyaga na Laikipia vilianza kwa kuchangiana pesa kidogo kila juma, mama mmoja anapewa leo, mwingine juma lijalo. Leo utakuta kikundi kina mashine ya kusaga, tangi la maziwa, duka la mbolea na mbegu, au hema na viti vya kukodisha kwa arusi na matanga. Na penye mashine pana kijana wa kuiendesha, penye duka pana msichana wa kuuza, na usiku pana mlinzi. Siku mliyomwandika kazi yule kijana, kikundi kiligeuka kuwa mwajiri. Hata kama katiba yenu haina neno hilo, sheria inalo.

Tunakijua kikundi kimoja cha akina mama upande wa Karatina ambacho kiliajiri watu wanne: mwendesha mashine, wauzaji wawili wa duka na mlinzi. Jina hatutalitaja, maana wametuomba, na tena kosa lao wanalo wengi. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina alikata pesa za bima ya afya kwenye mishahara, akaziandika vizuri kabisa kwenye daftari. Kupeleka ndiko kulikokosekana. Mwezi wa kwanza mkanda wa mashine ulikatika, pesa zikanunua mkanda. Mwezi wa pili stima. Wakasema watarudisha, lakini wapi! Ikafika miezi mitano.

Mwaka 2025 mke wa yule mwendesha mashine alishikwa na uchungu usiku, mtoto akawa amekaa vibaya, akafanyiwa upasuaji. Mama na mtoto walipona, tunamshukuru Mungu. Lakini pale kwenye dirisha la malipo baba aliambiwa bima yake haijalipiwa. Yeye akabisha, akatoa karatasi ya mshahara inayoonyesha makato. Karani wa hospitali atafanya nini na karatasi hiyo? Bili ilikuwa shilingi 52,000. Kikundi kiliitisha mkutano wa dharura, kikauza mtamba waliyekuwa wamemnunua kuanzisha mradi wa maziwa, kikalipa. Kijana alimaliza mwezi, akaondoka. Na kijana mwenye kuijua mashine ile hapatikani hivi hivi.

Walipokuja ofisini kwetu walikuwa na swali moja: "Bima hii imekuwa ghali mno, tufanyeje tuipunguze?" Tuliwaomba daftari, tukapiga hesabu pamoja nao.

HESABU AMBAYO WENGI HUKOSEA

Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, ile NHIF tuliyoizoea, ilianzishwa mwaka 1966. Wazee watakumbuka makato ya kuanzia shilingi 30 kwa mwezi katika miaka ya tisini. Mwaka 2015 viwango vilipandishwa, vikawa kuanzia 150 mpaka 1,700. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliisha, mahali pake ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Sasa kila mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Watu wengi waliposikia "asilimia" waliogopa. Basi tazama. Mwenye mshahara wa 15,000 alikuwa akikatwa 600 na NHIF. Kwa SHA ni 412.50. Mwenye 12,000 alikuwa akitoa 500. Sasa ni 330. Mwenye 9,000 alitoa 400. Sasa ni ile 300 ya chini. Waliobeba mzigo mkubwa zaidi ni wenye mishahara mikubwa. Kwa wafanyakazi wa vikundi vyetu wengi, makato yalishuka. (Mishahara yenyewe ni midogo, hilo tunalijua, na siku moja tutaliandikia.)

Sasa rudi kwa wale akina mama. Wafanyakazi wao wanne walilipwa 15,000, 12,000, 12,000 na 9,000. Mweka hazina hakuwa amebadilisha viwango, aliendelea kukata vile vya NHIF: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wote wanne. Kumbe SHA ilihitaji 1,372.50 tu! Kwa miezi mitano walikuwa wamekusanya 10,000 kutoka mifukoni mwa wafanyakazi, na deni la SHA halikufika hata 7,000. Yaani pesa zilikuwepo, tena zilizidi. Mtamba aliuzwa kwa sababu ya shilingi 6,862.50 ambazo hazikutembea kutoka kwenye daftari mpaka benki.

Kuna kosa lingine tunalolikuta kila mara. Viongozi hudhani kila shilingi anayokatwa mfanyakazi, kikundi nacho huongeza shilingi. Hiyo ni kweli kwa NSSF, na ni kweli kwa ushuru wa nyumba ambao mfanyakazi hutoa asilimia 1.5 na mwajiri 1.5. Kwa bima ya afya si hivyo. Ile 2.75 hutoka kwa mfanyakazi peke yake. Kazi ya mwajiri ni kuikata na kuifikisha kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo kikundi kinachosema hakiwezi kumwandikisha mfanyakazi "kwa vile hatuna pesa za bima" kinakataa kutumia pesa ambazo hata si zake.

Na zikishakatwa, si za kikundi tena. Si za mkanda, si za stima, si za kukopeshana mpaka Ijumaa. Tuwe wakali hapa kidogo: kukata na kutopeleka ni kumchukulia mtu mali yake, na sheria inalihesabu kuwa kosa.

Jinsi ya kujilinda ni rahisi. Malipo yafanywe kwa akaunti ya mwajiri ya SHA, si kwa simu ya mtu yeyote, hata awe yule kijana wa saiba aliyewasaidia kujiandikisha. Risiti ya malipo isomwe mbele ya mkutano kila mwezi, kama vile salio la benki linavyosomwa. Na mfanyakazi mwenyewe aonyeshwe kubonyeza *147# kwenye simu yake, aangalie kama amelipiwa. Mlinzi wa usiku asiyejua kusoma aangaliziwe na mtu anayemwamini. Hapo hapo ahakikishe mke au mume na watoto wameandikwa chini ya jina lake. Wengi hujiandikisha wao wenyewe tu, halafu anayeugua ni mtoto.

KIDOGO CHA KILA SIKU, KIKUBWA CHA GHAFLA

Baada ya mkasa ule akina mama walitaka kuruka kutoka upande huu hadi ule. Ajenti wa kampuni ya bima alikuwa amewatembelea, akawaeleza habari za kadi nzuri ambayo mfanyakazi angetibiwa nayo hospitali yoyote, kikohozi mpaka upasuaji. Bei kwa watu wanne ingemeza faida yote ya mashine.

Hatusemi bima za kampuni ni mbaya. Lakini tuelewe pesa yake inakwenda wapi. Mafua, tumbo, jino, kidonda, haya humpata kila mtu, tena mara nyingi kwa mwaka. Kampuni inajua hivyo. Ikikubali kuyalipia, itakutoza karibu gharama yenyewe ya matibabu hayo, na juu yake mshahara wa karani wa kuyahesabu, asilimia ya ajenti na faida yake. Kwa mambo madogo ya kila siku bima huwa njia ghali ya kujilipia mwenyewe. Bima hufaa kwa lile kubwa linalompata mmoja kati ya wengi, bila kutangaza siku: upasuaji, kulazwa, figo, saratani. Hilo hakuna kikundi chetu kinachoweza kulibeba peke yake.

Kwa hivyo tuliwashauri wayatenganishe. Makubwa wayaachie SHA, na walipe bila kukosa. Madogo wayapangie wenyewe.

Na hata madogo, mengi yana mlango wake. Kwa utaratibu wa SHA, aliyejiandikisha akitibiwa kwenye zahanati au kituo cha afya kilichoingia mkataba, gharama hutoka Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi, inayojazwa na serikali. Hii ni hata kwa yule ambaye mchango wake bado. Tatizo ni mazoea. Mtu akiumwa kichwa hupanda matatu moja kwa moja hadi hospitali kubwa ya Nyeri mjini, anapoteza siku nzima ya kazi na nauli, kisha anaandikiwa dawa ambazo huenda angezipata kwenye zahanati ya lokesheni. Tunajua pia kwamba zahanati nyingine utafika ukute dawa zimeisha. Ndiyo maana kunahitajika mfuko mdogo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata dawa za kutosha anapougua, na akizidiwa, kama inawezekana, aonwe na daktari. Pia aliyetumikia miezi miwili mfululizo ana haki ya siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta barua ya daktari. Kikundi kisichotenga chochote kwa haya kitayalipa tu, ila kitayalipa kwa kukopa.

Wale akina mama walianza kutenga shilingi 1,000 kila mwezi kutoka faida ya mashine. Walikwenda kwenye zahanati ya misheni iliyo karibu, wakaelewana na sista msimamizi: mfanyakazi akifika na kikaratasi chenye sahihi ya katibu na muhuri wa kikundi, atibiwe, na kikundi kitalipa mwisho wa mwezi kwa kile ambacho SHA haikulipia. Pesa hazipitii mkononi mwa mgonjwa. Waliweka kikomo kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, wakakiandika na kukitundika ukutani, kila mtu akijue kabla hajaugua. Na waliweka sharti moja ambalo tunalipenda sana: mfuko huo haukopeshwi, hata kwa mwenyekiti. Mifuko mingi ya namna hii hufa kwa mikopo, si kwa magonjwa.

Kuna swali la hospitali ambalo lazima tulijibu kwa ukweli. SHA hailipi kila kitu. Katika viwango vilivyotolewa mwaka 2024, kujifungua kwa kawaida kulilipiwa shilingi 10,000 na kwa upasuaji 30,000. Kama hospitali ya binafsi au ya misheni inatoza zaidi, tofauti ni yako. Hata yule kijana, kama angekuwa amelipiwa, huenda angebaki na 22,000 za kutafuta. Hizo ni nyingi, lakini hazifiki bei ya ng'ombe. Kwa hivyo mama mjamzito asingoje uchungu. Miezi miwili mitatu mapema aende na mumewe hospitali wanayoikusudia waulize: mko na mkataba na SHA? Mnatoza ngapi, na sisi tutaongeza ngapi? Pia mwulize kama wakati huo wanapokea wagonjwa wa SHA bila pesa taslimu, maana mwaka 2025 hospitali za binafsi zilipata kusimamisha huduma hizo zikidai malimbikizo ya madeni. Ni vizuri kujua mnakokwenda kabla ya saa nane za usiku.

PRESHA, SUKARI NA MKANDA WA MASHINE

Desemba 2018, serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne, Nyeri ilikuwa mojawapo pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo. Kila kaunti ilikuwa na sababu yake. Machakos ilichaguliwa kwa ajili ya ajali za barabarani. Sisi tulichaguliwa kwa ajili ya magonjwa yasiyoambukiza: presha, sukari, saratani. Si sifa ya kujivunia. Majaribio yaliisha, presha ilibaki.

Presha haiumi. Mtu wa miaka arobaini na tano atabeba magunia mwaka mzima akijisikia ngangari, kisha siku moja anaanguka na upande mmoja umekufa ganzi. Hapo mfanyakazi hayupo tena, na familia yake inauza shamba. Kumpima ni dakika chache. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari. Mwalike wa kijiji chenu aje siku ya mshahara, kila baada ya miezi mitatu, apime wafanyakazi na wanakikundi. Mpikie chai. Ni njia ya bei nafuu kuliko zote tulizoandika hapa. Na atakayeonekana ana presha, mruhusuni aende kliniki yake bila kumkata siku.

Kuumia kazini ni habari nyingine kabisa, tusiichanganye na SHA. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka kila mwajiri awe na bima ya ajali za kazini, na gharama ni ya mwajiri, haikatwi kwenye mshahara. Kidole kikiingia kwenye mkanda, anayedaiwa ni kikundi. Bei ya bima hiyo hutegemea mshahara na hatari ya kazi, kwa hivyo ulizeni kampuni mbili tatu kabla ya kukubali. Halafu fungeni wavu kwenye ule mkanda! Tumetembelea mashine ambazo mkanda unazunguka wazi, mtoto wa mteja amesimama karibu akila mahindi. Wavu wa fundi wa Jua Kali ni kazi ya asubuhi moja. Kitambaa cha kufunika pua kwa ajili ya vumbi la unga, gambuti kwa anayeosha tangi la maziwa, tochi nzuri kwa mlinzi, basi.

NA WANAKIKUNDI WENYEWE?

Mwanakikundi asiye na mshahara hakatwi na mtu. Yeye hujilipia kulingana na tathmini ya uwezo wa nyumba yake, na hulipa ya mwaka mzima kwa mara moja. Kwa kiwango cha chini ni shilingi 3,600. Kuzitoa zote Januari, wakati wa karo, ni shida kwa mama wa kawaida. Mwaka 2025 serikali ilianzisha Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo wa kulipia bima hiyo kisha unarudisha kidogo kidogo. Unaweza kusaidia, lakini mkopo ni mkopo. Kikundi kina njia yake: shilingi 70 kila juma, pamoja na ule mchango wa kawaida. Kwa majuma 52 ni 3,640. Mwaka wa kwanza mnaweza kulipia wachache kwa kura, na wengine wafuate kadiri pesa zinavyoingia, mpaka mzunguko utimie.

Kitu kimoja tu: walipiwe wote, si wagonjwa peke yao. Mambo haya yamejaribiwa na majirani. Kule kusini magharibi mwa Uganda, hospitali ya Kisiizi ya Kanisa la Uganda ilianzisha bima yake mwaka 1996 kupitia vikundi vya engozi. Hivyo ni vikundi vya wanakijiji waliokuwa wakibebana kwa machela kupita vilimani kumfikisha mgonjwa hospitali. Waliandikisha watu kwa vikundi, kwa sababu ukimwacha kila mtu achague, mzima atasema "mwaka ujao", mgonjwa ataingia leo, na mfuko utakauka. Hapa hapa mlimani, hospitali ya PCEA Chogoria nayo ilijaribu bima yake katika miaka ya tisini. Sisi tuliozaliwa na ngwatio, ambapo shamba la kila mmoja lililimwa kwa zamu bila kuuliza nani ana magugu mengi, tusishindwe kulielewa hili.

Akina mama wa Karatina bado hawajanunua mtamba mwingine. Ule unafuu wa makato walimrudishia kila mfanyakazi kwa awamu mbili, na yule kijana aliyeondoka walimtumia chake kwa simu. Mkanda una wavu. Mwendesha mashine mpya, siku ya kwanza kabla hata hajaonyeshwa mahali pa kuweka koti, aliuliza risiti ya SHA hukaa wapi. Mweka hazina alimwonyesha msumari nyuma ya mlango, zimetungikwa pale moja juu ya nyingine, ya mwezi uliopita ikiwa mbele.